Tumeacha Kusoma Biblia, na Tusisingizie Muda

Tunaandika maneno haya kwa washarika wetu, na tunayaandika kwanza kwa ajili yetu wenyewe tuliowekewa mikono ili tulihubiri Neno. Jambo tunalotaka kulisema tumelikwepa kwa muda mrefu kwa sababu linatuhukumu na sisi. Wakristo wengi wa sharika zetu hawasomi Biblia. Wanayo, wanaibeba Jumapili, wanaiheshimu, na wangemkemea mtoto atakayeikalia. Lakini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi haifunguliwi. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja, mjini na kijijini: "Mchungaji, muda hakuna."

Jibu hilo hatulikubali. Tutaeleza kwa nini, tutaonyesha hasara tunayoipata, kisha tutasema nini kifanyike nyumbani, katika jumuiya na kanisani.

Barua ambayo hatukuisoma

Tuanze na jambo lililotupata. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja, msharika wetu wa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mwanakwaya, ahadi yake aliimaliza kila mwaka, na jumuiya ya eneo lile ilikuwa ikikutana sebuleni kwake. Kijana wake wa miaka kumi na minne alikuwa na kifafa, na kwa miaka minne alikuwa akimeza vidonge vya hospitali kila siku. Vilikuwa vinamsaidia. Lakini mama alichoka, kama mzazi yeyote anavyochoka, na jirani akampeleka kwa nabii mmoja aliyekuwa akihubiri kwenye hema.

Nabii yule alimuuzia mafuta na maji. Alimwambia kwamba kumeza vidonge ni kumwonea Mungu mashaka. Tena alimpa mstari wa kushikilia, Yeremia 29:11, ule unaosema kwamba Mungu anayajua mawazo anayowawazia watu wake, nayo ni mawazo ya amani na ya tumaini. Mama alikopa kikoba, akalipa, akaacha vidonge. Wiki ya tatu kijana alianguka karibu na jiko la mkaa. Tulipofika tulimkuta mkono wake wa kulia umefungwa bendeji kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Mama akatuonyesha simu yake. Mstari ulikuwepo, umeandikwa juu ya picha ya jua linalochomoza. Akasema, "Mchungaji, Mungu aliahidi. Sasa mbona imekuwa hivi?"

Hatukuwa na hotuba. Tulimwomba alete Biblia yake, tukafungua sura ile ya 29, tukamwomba asome yeye mwenyewe, aanzie mstari wa kwanza. Akasoma kwamba ni barua, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Akasoma kwamba wanaambiwa wajenge nyumba huko ugenini, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na kuuombea amani mji ule waliohamishiwa. Akafika mstari wa 8. Hapo Mungu anawaonya wasikubali kudanganywa na manabii na waaguzi walio katikati yao. Akanyamaza, akaurudia kwa sauti ya chini. Kisha mstari wa 10: watakaa Babeli miaka sabini kabla ya kurudishwa. Ndipo akafika kwenye mstari wake wa 11.

Akauliza, "Hii ilikuwa hapa siku zote?" Tukamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Nimekaa kanisani miaka ishirini. Mbona hamkuniambia nianzie juu?"

Tulirudi nyumbani na swali hilo, na njiani tulikumbuka kitu kilichotuuma zaidi. Mkesha wa mwaka mpya, mbele ya kanisa lililojaa hadi nje, sisi wenyewe tulikuwa tumeuhubiri mstari wa 11. Tuliuhubiri kwa nguvu, watu wakasema amina. Mstari wa 10 hatukuusoma. Wa 8 pia hatukuusoma.

Ndugu msomaji, hebu uirudie sura iliyotangulia, ya 28. Yuko nabii mwingine pale, Hanania. Naye anatangaza mbele ya watu wote kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudishwa na mateka watarudi. Yeremia anasikiliza, tena anasema amina, Bwana na afanye hivyo. Si kwamba hakutamani. Lakini neno alilopewa na Mungu lilikuwa la miaka sabini, na Hanania akaambiwa kwamba amewatumainisha watu uongo. Sasa pima mwenyewe. Mtu anayeuchukua mstari wa 11 na kuuacha wa 10 amebaki na ujumbe wa Hanania, ila ameandika chini yake jina la Yeremia. Huo ndio uliouzwa kwa mama yule. Na sisi tuliugawa bure mkesha wa mwaka mpya.

Kisu cha mfalme

Katika sura ya 36 ya kitabu hicho hicho kuna kisa cha mfalme Yehoyakimu. Ni wakati wa baridi, mfalme ameketi mbele ya moto, na mtumishi anamsomea gombo la maneno ya Yeremia lililoandikwa na Baruku. Kila zinaposomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha.

Tunapolisoma hilo tunamshangaa mfalme. Lakini tujiangalie. Sisi hatuichomi Biblia, ila kisu tunacho. Tunakata kipande kitamu, tunakituma kwenye WhatsApp chenye maua pembeni, na kurasa zilizobaki tunaziacha zife kwa vumbi. Tumeandika kwenye magari na fulana kwamba tunayaweza mambo yote katika yeye atutiaye nguvu. Ni Wafilipi 4:13. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba Paulo alikuwa kifungoni alipoandika hayo, na kwamba mstari wa 12 unasema amejifunza kushiba na kuona njaa? Nguvu anayoisema ni ya kustahimili vyote viwili. Dereva anayepita mbele yetu kwa kasi na mstari ule kwenye kioo cha nyuma amepewa nusu ya habari.

Hatusemi kwamba kutumiana mistari ni dhambi. Mstari mmoja umemwinua mgonjwa wodini, na tumeliona hilo kwa macho yetu. Tunasema kwamba mstari ulioutoa mwenyewe kwenye sura uliyoisoma ni chakula, na ule uliotupiwa na mtu usiyemjua ni kama dawa iliyofungwa kwenye gazeti: huenda ikawa sawa, huenda ikaua, na wewe huna namna ya kujua.

Udhuru wa muda

Sasa tuje kwenye udhuru wenyewe. Biblia nzima ina sura 1,189. Agano Jipya peke yake lina sura 260. Mwaka una wiki 52. Mtu akisoma sura moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, anasoma sura tano kwa wiki, na tano mara 52 ni 260 kamili. Maana yake Mkristo anaweza kumaliza Agano Jipya lote kwa mwaka, Jumamosi akapumzika au akarudia pale alipokosa, na Jumapili akasikiliza mahubiri. Sura moja haimalizi dakika kumi kwa msomaji wa kawaida. Nyingi hazifiki hata tano.

Injili ya Marko yote, sura kumi na sita, unaweza kuisoma kwa sauti katika muda unaokaribia ule wa mechi moja ya mpira. Tunapocheza Simba na Yanga, hakuna mzee wa usharika anayesema hana dakika 90. Tamthilia ya jioni ikianza, jikoni kila kitu kinasimama. Na simu tunaifungua kabla hata ya kunawa uso, tena si kwa dakika tano. Muda tunao. Tumeshaugawa, na katika kugawa tulimweka Bwana mwisho wa mstari, pale ambapo usingizi umeshafika.

Lakini hapa tunataka kuwa wa haki, kwa sababu si wote walio sawa. Yupo mama lishe anayeamka saa tisa usiku kubandika maharage, anayerudi jioni na kukuta kuna kufua, kuna kupika, kuna watoto wa kuogesha. Mama huyo akisema hana muda, hasingizii. Kwake yeye hatuna maneno makali. Maneno makali tunayo kwa baba aliyekaa kwenye kochi akimwangalia. Baba, ukitaka nyumba yako iwe ya Kikristo, nyanyuka ushike ndoo. Mpe mkeo robo saa akae na Biblia yake wakati wewe unaogesha watoto. Utakuwa umehubiri kuliko sisi.

Yupo pia bibi asiyejua kusoma, na mzee ambaye macho yameshaingia ukungu. Hao wasidhani tumewatupa. Kwa karne nyingi Wakristo walio wengi hawakuwa na Biblia mkononi. Walisikia ikisomwa, wakaihifadhi moyoni, na wengine wakafa kwa ajili ya yale waliyoyasikia. Mjukuu wa darasa la nne anaweza kumsomea bibi sura moja kila jioni. Bibi atapata Neno, na mtoto atapata kusoma vizuri na kumjua bibi yake. Tunawajua bibi ambao kwa njia hiyo wameishika Biblia kichwani kuliko walimu wetu wa Shule ya Jumapili.

Udhuru wa pili: tunasikia Jumapili

Wapo wanaojibu kwa hoja ya Kilutheri. Wanasema imani huja kwa kusikia, Warumi 10:17. Neno limewekwa lihubiriwe, mchungaji amesomea, sisi tunakaa chini ya mimbari, inatosha.

Tunawaheshimu wanaosema hivyo, kwa maana wanaipenda ibada. Lakini wasome Matendo 17:11. Paulo alihubiri Beroya. Huyu ni mtume, amemwona Bwana njiani. Watu wa Beroya walimsikiliza kwa moyo wote, kisha wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Luka hawalaumu kwa kumkosea mtume adabu. Anawasifu kwamba walikuwa waungwana. Kama mtume alichunguzwa, sembuse sisi? Mchungaji anayeogopa washarika wanaosoma ana jambo analolificha, au ni mvivu. Na usharika usioweza kumchunguza mchungaji wake Jumapili hautaweza kumchunguza nabii wa hemani Jumatano.

Tena tukumbuke tulikotoka. Martin Luther alipofichwa katika ngome ya Wartburg, alitumia miezi ile kutafsiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wa nchi yake. Lilichapwa mwezi Septemba 1522, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1534. Kwa nini ahangaike hivyo, kama kusikia kwa padri kulitosha? Na kwetu pia gharama ililipwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada yake walifuata wengine, Askofu Edward Steere kule Unguja, na Mjerumani Karl Roehl aliyetoa Biblia nzima mwaka 1937. Tafsiri ya Muungano, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ilitoka mwaka 1952. Hesabu: kutoka 1844 hadi 1952 ni miaka 108 ya kazi, pamoja na wasaidizi Waswahili ambao majina ya wengi wao hatuyasikii kabisa. Wote hao walifanya kazi ili kitabu hiki kikae mkononi mwako. Sisi tumekiweka kwenye kabati la vyombo, pamoja na cheti cha kipaimara na vikombe vya wageni.

Udhuru wa tatu: Biblia ni ngumu

Huu ni udhuru wa kweli kuliko yote miwili, na tunaupenda kwa sababu anayeusema ameshajaribu. Alianza Mwanzo mwezi Januari, akaenda vizuri hadi katikati ya Kutoka, akafika kwenye vipimo vya mapazia ya hema, akakwama. Mambo ya Walawi yakamaliza nguvu zilizobaki.

Ndugu, hakuna aliyekuamuru uanzie hapo. Anza na Marko. Ukimaliza, rudi kwenye Mwanzo ukiwa umeshamjua yule ambaye kitabu kizima kinamngojea. Na ukikwama usione haya. Towashi wa Kushi, mtu mkubwa katika serikali ya malkia wake, alikuwa anasoma Isaya garini bila kuelewa. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, alijibu kwa unyofu kwamba hawezi mtu asipomwongoza. Lakini tazama vizuri: Filipo alimkuta tayari gombo limefunguliwa. Angemkuta amelala, wangezungumza nini? Swali zuri hutoka kwa mtu aliyesoma. Sisi wachungaji tunaulizwa maswali mengi juu ya ndoto, namba za shetani, na rangi za nguo. Ni mara chache tunaulizwa, "Mchungaji, sura hii sijaielewa." Siku tukiulizwa hilo kila wiki, tutajua kanisa limeamka.

Luther aliandika mwaka 1539 kwamba mwanatheolojia hufanywa kwa mambo matatu: sala, kutafakari Neno, na majaribu. La tatu ndilo tunalolisahau. Kuna kurasa ambazo zitabaki ngumu mpaka siku utakapofiwa, au utakapoachishwa kazi, au mtoto atakapokuwa mgonjwa. Siku hiyo zitafunguka. Lakini zitafungukaje kama hukuwahi kuzipita? Mtu hachimbi kisima siku nyumba inapoungua.

Lawama yetu

Tumewasema washarika, sasa tujiseme.

Chuoni tulifundishwa Kigiriki, tukafundishwa kuchambua Maandiko, tukafaulu mitihani. Tulipotumwa usharikani, taratibu tukaanza kuifungua Biblia siku ya Ijumaa jioni tu, tukitafuta cha kusema Jumapili. Tukawa kama mpishi wa hoteli ambaye anaonja kila sufuria kwa ajili ya wageni, na yeye mwenyewe hali. Mpishi wa namna hiyo hudhoofika, na haichukui muda mrefu chakula chake nacho kikapoteza ladha.

Mwaka 1528 Luther na wenzake walizitembelea sharika za Saksonia. Alikuta watu wa vijijini hawajui lolote la imani, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha, ingawa wote walibatizwa na kushiriki Meza ya Bwana. Alirudi amehuzunika, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, aliyokusudia kwamba mkuu wa kila nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumeifanya kitabu cha watoto wa kipaimara. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa aliwasema kwa ukali wachungaji wanaojiona wameshaijua kazi. Alisema kwamba yeye, daktari na mhubiri, bado kila asubuhi anafanya kama mtoto, anasoma na kurudia Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana na Zaburi. Sisi ambao si Luther tunafanya nini asubuhi? Tunapokea simu za kamati ya ujenzi.

Na ratiba zetu zinawafundisha washarika jambo gani lina uzito. Hesabuni wenyewe. Masomo ya Jumapili yanachukua dakika chache, tena wakati mwingine tunaacha moja "kwa kubana muda". Matangazo, minada ya mazao na michango hatujawahi kuibana. Katika jumuiya, Neno linasomwa haraka haraka ili tufike kwenye bahasha. Mshirika akitoka hapo na kuamini kwamba Biblia si jambo kubwa, amejifunza kwetu.

Tunachoogopa kuambiwa

Kuna atakayesema kwamba tunarudisha sheria, tunamwekea Mkristo mzigo wa sura tano kwa wiki ili apate kibali. Hoja hiyo ni ya msingi, na tunaijibu waziwazi. Mungu hakupendi zaidi siku uliyosoma, wala hakupendi kidogo siku uliyolala. Ulibatizwa, hilo limekwisha. Mtu akisoma ili ajisifu kwenye jumuiya kwamba ameimaliza Biblia mara tatu, na aifunge akapalilie shamba.

Lakini mama hamwambii mtoto wake ale kwa sababu ya sheria. Anamwambia ale kwa sababu asipokula atakonda. Mwana wa Mungu mwenyewe, alipojaribiwa jangwani akiwa na njaa, mara tatu alijibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Na Ibilisi naye alinukuu Zaburi. Angalieni hapo: jaribu lilikuja likiwa na mstari wa Biblia mkononi, mstari uliokatwa vizuri. Aliyelishinda ni yule aliyeijua habari yote.

Nini kifanyike

Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mchango.

Kwanza, kila mshirika achague saa yake na mahali pake, na simu ikae chumba kingine. Anayepanda daladala na asome kituoni. Anayelinda usiku na asome zamu ikitulia. Anayeamka mapema na asome kabla ya kuwasha redio. Sura moja, kuanzia juu hadi chini, pasipo kuruka. Kisha ajiulize mambo mawili tu: hapa Mungu amefanya nini, na mimi sijaelewa nini? La pili aliandike kwenye daftari.

Pili, jumuiya ianze na daftari hilo. Kabla ya taarifa yoyote ya fedha, watu waulizane, "Wiki hii ulisoma nini, na ulikwama wapi?" Maswali yaliyoshindikana mwinjilisti ayakusanye ayalete kwetu. Tukishindwa kujibu tutasema tumeshindwa, tutakwenda kutafuta.

Tatu, sisi wachungaji tusihubiri tena mstari uliokatwa. Tukisimama na mstari wa 11, tuwasomee na wa 10. Na mshirika akituona tunaruka, atufuate baada ya ibada, kwa heshima, atuulize. Hatutamwita mkaidi, tutamwita Mberoya.

Nne, mtoto akipata kipaimara asipewe Biblia tu, apewe na mtu wa kusoma naye kwa mwaka mmoja. Timotheo hakuyajua Maandiko tangu utoto kwa bahati. Alikuwa na bibi, Loisi, na mama, Eunike. Kila kijana wetu anahitaji Loisi wake.

Yule mama tulimsindikiza hospitali yeye na mwanawe. Kijana alirudishwa kwenye vidonge vyake, na kikoba kililipwa kidogo kidogo. Kovu la mkono lipo. Alipoanza tena kuipokea jumuiya nyumbani kwake, kila aliyetaja mstari alimkatiza kwa upole na kusema, "Tuanzie juu." Mwanzoni watu walimcheka. Siku hizi hawamngojei aseme. Wanageuza ukurasa kurudi nyuma wenyewe.

Nasi tunawaomba ninyi mnaosoma kurasa hizi mfanye hivyo hivyo. Mkishaziweka chini, msitafute andiko jingine la mchungaji. Fungueni Marko, sura ya kwanza, mstari wa kwanza. Bwana aliyeanza kusema nanyi katika ubatizo wenu awape masikio, macho, na robo saa ya kesho asubuhi. Amina.